Unaujua ukoo wa dawa unayomeza?

Mtu wa Molo hanunui ng'ombe kwa kutazama rangi yake tu. Atauliza ni wa nani, ametoka boma gani, mama yake alitoa maziwa kiasi gani, na kama amepata chanjo. Mzazi naye akiletewa posa, hata kama kijana anapendeza na viatu vyake vinang'aa, ataweka kikombe cha chai chini na kuuliza: kwenu ni wapi, na baba yako ni nani? Sisi tuna desturi ya kutokubali kitu kiingie nyumbani bila kujua kilikotoka.

Sasa nikuulize. Ile chupa ya dawa ya kikohozi iliyo juu ya kabati yako, unaujua ukoo wake? Zile tembe ambazo nusu yake bado zimefungwa kwa karatasi katika droo, zilitoka kwa nani kabla ya kufika kwa yule aliyekuuzia? Naye alizipata kwa nani?

Najua utaniambia ulizinunua kwa kemisti. Hilo ni jibu la nusu. Kemisti ni mlango wa mwisho tu. Leo nataka tuzungumze juu ya mlango ulio nyuma yake, ambao wewe na mimi hatuuoni: mlango wa muuzaji wa dawa kwa jumla, na leseni anayotakiwa kuwa nayo ndipo aufungue.

Kutoka bandarini hadi Sachangwan

Tuchukue mfano wa Sachangwan, maana mambo haya huonekana vizuri zaidi mbali na Nairobi. Wasafiri wanaokwenda Eldoret wanaijua. Ukitoka Nakuru unapita Salgaa, mahali ambapo madereva wa malori hulala, kisha barabara inapanda na baridi inaanza kukuuma masikio. Huko watu wanalima viazi, wanakama ng'ombe, na usiku kucha wanasikia malori yakinguruma kuelekea Malaba, Uganda na hata Congo.

Fikiria mama mmoja wa huko ambaye mtoto wake amepata homa saa moja jioni. Zahanati imefungwa. Anamfunga mtoto mgongoni na kwenda kwenye duka la dawa kando ya barabara. Yule anayeuza anamwita "daktari", kama tunavyofanya sote, hata kama si daktari. Anamwambia, "Daktari, mtoto amechemka tangu asubuhi." Daktari anaingiza mkono katika rafu na kutoa chupa. Mama analipa, anashukuru, anaondoka.

Chupa hiyo imesafiri sana kumfikia. Huenda ilitengenezwa katika kiwanda cha Nairobi, au ng'ambo ikaletwa kwa meli hadi Mombasa. Dawa yoyote ya kuuzwa nchini inapaswa kwanza kusajiliwa, na anayeiagiza kutoka nje awe na kibali. Kisha inaingia ghala la muuzaji wa jumla, pengine ikauzwa kwa muuzaji wa jumla mwingine huko Nakuru, halafu ndipo mwenye duka la Sachangwan akaichukua. Safari yote hiyo mama haioni. Anachokiona ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na karatasi mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Ndiyo maana serikali huweka mtu wa kusimama katikati ya safari hiyo na kuuliza maswali ambayo mama hana nafasi ya kuyauliza. Mtu huyo ni Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo wengi huiita kwa kifupi PPB.

Sheria iliyo kongwe kuliko bendera

Sheria iliyounda bodi hiyo ni Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1957. Ni kongwe kuliko bendera yetu. Wengi hushangaa kwa nini neno "sumu" limewekwa katika jina lake. Waliolichagua walijua wanachosema. Dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kipimo, na mikono ambamo zinapita.

Anayetaka kuuza dawa kwa jumla hawezi kukodi chumba, kununua rafu na kuanza kazi. Leseni ya biashara ya kaunti, ile ambayo hata mwenye kinyozi anayo ukutani, haimruhusu kuuza hata tembe moja ya antibiotiki. Tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati za umma zimekuwa chini ya kaunti, lakini leseni ya kuuza dawa kwa jumla hutolewa na bodi ya taifa. Nayo si ya maisha. Hufikia kikomo Desemba 31, na mwaka mpya mtu huomba upya.

Je, bodi inamtaka muuzaji huyo awe na nini? Nitakutajia mambo manne kwa lugha ya nyumbani.

La kwanza ni jengo. Mahali penyewe lazima pasajiliwe, si mtu peke yake. Pawe pakavu, pasivuje, pasiingiwe na panya wala jua, na pawe na nafasi ya kutenga dawa zilizoharibika au kupitwa na wakati ili zisichanganyike na nzima.

La pili ni mtaalamu. Ghala la jumla linapaswa kuwa chini ya mfamasia aliyesajiliwa, mtu aliyesomea shahada yake miaka 5 na ambaye jina lake litaulizwa mambo yakiharibika. Cheti chake kikiwa ukutani na mwenyewe yuko Nairobi akifanya kazi nyingine, hapo hakuna usimamizi.

La tatu ni ubaridi. Kuna dawa ambazo hazistahimili joto. Insulini ya mgonjwa wa kisukari na oksitosini, ile sindano inayozuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukiacha oksitosini juani ndani ya gari, nguvu zake hupungua, lakini chupa haibadiliki. Muuguzi ataitumia akiamini anaokoa maisha, na damu haitakoma. Ndiyo sababu mkaguzi anapofika ghalani huuliza habari za jokofu, na umeme ukipotea jenereta iko wapi.

La nne, na kwangu mimi hili ndilo kubwa, ni vitabu. Muuzaji wa jumla anatakiwa kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka: jina la dawa, kiasi, nambari ya bechi, tarehe, aliyemuuzia na aliyemnunulia. Isitoshe, haruhusiwi kumuuzia kila anayebisha hodi. Anamuuzia mwenye duka la dawa lenye leseni, au daktari, au hospitali. Vitabu hivyo ndivyo ukoo wa dawa. Vikipotea, dawa inakuwa kama mtoto wa kuokotwa. Haijulikani imetoka wapi.

Kitu kizuri kikiacha njia yake

Pengine unasema, mwandishi, haya ni mambo ya karatasi na urasimu. Biashara ni biashara. Kama dawa ni nzuri, ina haja gani na vitabu?

Watu wa Sachangwan hawahitaji kufundishwa jibu la swali hilo. Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka hapo kando ya barabara. Petroli hiyo haikuwa mbovu. Ilikuwa petroli halali, iliyokuwa ndani ya tangi lililofungwa. Lakini ilipomwagika nje ya tangi, ikachotwa kwa ndoo na mitungi, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wengine waliungua kiasi cha kutotambulika, wakazikwa pamoja. Tuwaombee marehemu hao, na tusiwalaumu, maana aliyechota hakuwa mwizi bali maskini aliyeona riziki imemwagika mbele ya nyumba yake.

Ninalotaka ulione ni hili: bidhaa ile ile iliyopita salama maelfu ya mara ikiwa ndani ya njia yake iliua ilipotoka njiani. Dawa nayo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba petroli ikimwagika unainusa. Dawa ikiacha njia yake hainuki, haiwaki, wala haipigi king'ora.

Tazama yaliyotokea kwa majirani zetu. Kuanzia Desemba 2014 na kuendelea hadi mwaka 2015, katika eneo la Ituri, mashariki mwa Congo, watu walianza kufika zahanatini shingo zimekakamaa na nyuso zimepinda. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Walikuwa zaidi ya 900, na baadhi yao walikufa. Uchunguzi ulipofanywa, ikagunduliwa kwamba walikuwa wamemeza tembe zilizoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza. Ndani ya tembe hizo hapakuwa na diazepam. Palikuwa na haloperidol, dawa kali ya maradhi ya akili, ambayo humkakamaza mtu misuli akipewa isivyofaa. Mikebe ilikuwa na jina, ilikuwa na maandishi, ilipendeza. Ukoo wake ndio uliokuwa wa uongo.

Usidhani ni Congo tu. Hapa Kenya, mwaka 2011, bechi bandia ya dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi, Zidolam-N, iliwafikia wagonjwa karibu 3,000, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Hawa ni watu waliokuwa wanafuata masharti, wanameza dawa kwa saa, wanarudi kliniki siku waliyoambiwa. Wao walitimiza wajibu wao. Aliyewaangusha alikuwa mtu fulani katika safari ya dawa, mahali ambapo mgonjwa hafiki.

Siku vitabu vinapookoa mtoto

Sasa nikupe mfano wa upande wa pili, ili usinione mtu wa habari mbaya tu.

Aprili 2024, wakuu wa dawa wa Nigeria walitangaza kwamba wamepata kiasi kikubwa cha kemikali ya sumu katika bechi moja ya dawa ya maji ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kemikali hiyo, daiethilini glaikoli, ni ya jamii ile ile iliyohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia mwaka 2022, huharibu figo. Bechi hiyo ilikuwa imeuzwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Bodi yetu ikaagiza iondolewe madukani mara moja. Kampuni yenye dawa hiyo baadaye ilisema kwamba ilipoipima haikuiona sumu hiyo. Lakini ulipo wasiwasi juu ya figo za mtoto, husubiri mabishano yaishe. Unaiondoa dawa kwanza, kisha unabishana.

Je, unaiondoaje? Kenya ina maelfu ya maduka ya dawa. Bodi haiwezi kubisha mlango kwa mlango kutoka Lamu hadi Lodwar. Inachofanya ni kumwendea mwagizaji na muuzaji wa jumla na kumwambia: fungua kitabu. Bechi nambari hii ulimuuzia nani? Naye anasema: makasha haya yalikwenda Kisumu, haya Nakuru, haya Eldoret. Kwa saa chache inajulikana ni rafu zipi zinazopaswa kusafishwa.

Lakini lile duka lililonunua dawa yake kwa kijana mwenye begi mgongoni, aliyeshuka kwenye matatu bila risiti, halimo katika kitabu chochote. Hakuna atakayelipigia simu. Chupa itabaki pale rafuni, na jioni mama mwingine atakuja na mtoto mgongoni na kuuziwa. Ukitaka kuelewa kazi ya leseni ya jumla kwa sentensi moja, ni hiyo: leseni ndiyo inayowezesha dawa mbaya kuitwa irudi nyumbani.

Hata Marekani walijifunza kwa machungu

Wako wanaodhani nchi tajiri hazina shida hii. Sivyo. Miaka ya 1980 wabunge wa Marekani walichunguza biashara ya dawa wakakuta kwamba dawa bandia za kupanga uzazi na dawa zilizopitwa na wakati zilikuwa zikipenya hadi madukani kupitia kwa wauzaji wa jumla. Sheria ikapitishwa, Rais Ronald Reagan akaitia sahihi mwaka 1988. Iliamuru kwamba hakuna atakayeuza kwa jumla dawa zinazohitaji maagizo ya daktari bila leseni ya jimbo lake, na serikali kuu ikaweka kiwango cha chini ambacho kila jimbo lilipaswa kufuata: ghala, rekodi, wafanyakazi.

Lakini hilo halikutosha, kwa kuwa majimbo mengine yalitoa leseni kwa urahisi mno. Mwaka 2002 kijana mmoja wa New York aliyekuwa amebadilishiwa ini alikuwa akidungwa dawa ya kuongeza damu iliyonunuliwa katika duka halali. Ikagunduliwa kwamba ilikuwa imechezewa na kupunguzwa nguvu, kisha ikauzwa kutoka kwa muuzaji wa jumla mmoja hadi mwingine, kila mmoja akiongeza faida yake na hakuna aliyeuliza ilikotoka. Jimbo la Florida, ambako biashara hiyo chafu ilikuwa imeshamiri, likatunga sheria mwaka 2003 kudai hati inayoonyesha dawa imepita mikononi mwa nani na nani tangu kiwandani. Na neno walilolitumia kwa hati hiyo ni lile lile linalotumiwa kwa nasaba ya farasi na ng'ombe wa kizazi bora. Yaani nao pia walifikia swali la mzee wa Molo sokoni: huyu ni wa ukoo gani? Mwaka 2013 Marekani ikapitisha sheria nyingine ya kuipa kila pakiti nambari yake, ili iweze kufuatwa kwa kompyuta.

Funzo kwetu ni kwamba leseni ni kama kufuli. Kufuli ni kitu kizuri, lakini mlango unalindwa na aliye na ufunguo. Ikitolewa kwa hongo, au mkaguzi akifika mara moja tu na asionekane tena, inakuwa karatasi ya kuziba ufa ukutani.

Lakini maskini naye atibiwe

Sasa tuseme ukweli wote, maana ukurasa huu si wa kumsifu mkaguzi. Mara kwa mara utasikia kwamba maafisa wamefanya msako na kufunga maduka ya dawa yasiyo na leseni. Mjini Nakuru, duka moja likifungwa, unavuka barabara na kuingia lingine. Kijijini mambo ni tofauti. Duka likifungwa, mama yule wa saa moja jioni atakuwa na chaguo gani? Atapanda boda boda hadi Molo kwa nauli inayozidi bei ya dawa yenyewe, au atamngoja kijana mwenye begi. Mara nyingi atamngoja kijana.

Wenzetu wa Tanzania walilikabili swali hili kwa njia ninayoiheshimu. Vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yalipaswa kuuza vitu vidogo vidogo tu, lakini yalikuwa yakiuza hata antibiotiki, kwa sababu wananchi walizihitaji na hapakuwa na duka lingine. Badala ya kuyafunga tu, mwaka 2003 walianza mpango mkoani Ruvuma wa Duka la Dawa Muhimu. Wauzaji walifunzwa, majengo yakakaguliwa, na wakaruhusiwa kuuza orodha maalum ya dawa muhimu, zikiwemo baadhi ya zile zinazohitaji maagizo ya daktari. Mpango huo ukaenea mikoa mingine. Kwa maneno mengine, walimwingiza muuzaji mdogo ndani ya kitabu badala ya kumfukuza gizani.

Hapa kwetu pia kuna njia halali ambazo hazipiti kwa mfanyabiashara binafsi. Hospitali za umma hupata dawa kupitia shirika la serikali la KEMSA. Hospitali nyingi za makanisa huzipata kupitia MEDS, shirika lililoanzishwa mwaka 1986 na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Njia hizo zikikauka, zahanati ikabaki na mabango ya ukutani tu, ndipo soko la begi linapopata wateja. Kwa hivyo anayetaka kweli kupambana na dawa bandia, aanze kwa kuhakikisha dawa halali iko karibu na kwa bei ambayo mkulima wa viazi anaweza kuilipa.

Na hapa nitoe onyo lingine. Rahisi si lazima iwe bandia. Kuna dawa zinazoitwa jenariki, ambazo hutengenezwa na kiwanda kingine baada ya hataza ya kampuni ya kwanza kwisha, au kwa njia nyingine ya kisheria. Zina dawa ile ile, zimesajiliwa, na bei yake ni nafuu. Wakati mmoja sheria yetu ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008 ilikuwa na maneno yaliyoweza kuzichanganya jenariki na bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba maneno hayo yalihatarisha haki yao ya kuishi na kupata matibabu. Kwa hivyo usiikatae dawa kwa sababu ni ya bei nafuu. Ikatae kwa sababu haina ukoo.

Wewe utafanya nini?

Mpenzi msomaji, hutaweza kukagua ghala la Nairobi. Lakini unaweza kufanya mambo madogo ambayo yakifanywa na wengi yatamnyima kijana wa begi soko.

Ukiingia duka la dawa, inua macho utazame ukutani. Tafuta cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu, soma mwaka, na uone kama ni wa mwaka huu. Mwulize muuzaji kwa heshima, bila kumgombeza, mtaalamu msimamizi ni nani na kama yuko. Mwenye haki hatakasirika. Bodi pia huweka orodha ya maduka yaliyosajiliwa kwenye tovuti yake, na hii ni kazi nzuri ya kumpa mwanao anayeshinda na simu mkononi.

Dai risiti, hata kama umenunua tembe za shilingi 50. Risiti ni ushahidi kwamba duka hilo linaandika. Duka lisilompa mteja risiti, huenda nalo halikupewa risiti na aliyeliuzia.

Usiitupe pakiti kabla dawa haijaisha. Pakiti ndiyo yenye nambari ya bechi na tarehe ya mwisho ya kutumika. Siku tangazo likitoka redioni kwamba bechi fulani irudishwe, aliyehifadhi pakiti atajua kama linamhusu. Ukiuziwa tembe zilizokatwa na kufungwa kwa karatasi, omba uonyeshwe pakiti zilikotoka, na uandike nambari hiyo.

Usinunue dawa sokoni, kwenye matatu wala mlangoni, hata kama muuzaji ana ulimi wa asali na koti jeupe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ukikuta dawa yenye alama kwamba ni mali ya serikali ikiuzwa katika duka la mtu binafsi, ujue kuna mgonjwa mahali fulani aliyeambiwa "dawa hakuna".

Na dawa ikikudhuru, au isikusaidie hata kidogo, usinyamaze ukasema ni bahati mbaya. Mrudie daktari ukiwa na pakiti yako. Bodi hupokea habari za dawa zenye kasoro kutoka kwa wahudumu wa afya na pia kwa wananchi, na tangu mwaka 1992 sheria imeipa nchi maabara ya taifa ya kupima ubora wa dawa. Maabara haiwezi kupima chupa ambayo hakuna aliyeipeleka.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ukingoja chakula cha mchana cha Jumapili, nina neno lako. Mara nyingi vijana wanaopenda kemia na biolojia huniambia wanataka kuwa madaktari, na ni vizuri. Lakini nchi inahitaji pia yule mfamasia anayesimama ghalani saa tisa alasiri akisoma kipimo cha joto, akikataa kutia sahihi makasha ambayo hati zake hazilingani na yaliyo ndani. Hakuna mgonjwa atakayemjua wala kumletea kuku wa shukrani. Lakini mtoto wa Sachangwan atalala usiku huo, homa itashuka, na asubuhi mama atasema dawa ile ilikuwa nzuri.

Mwaka 2024 wakulima wengi wa Bonde la Ufa walijionea uchungu wa kuuziwa mbolea duni ya ruzuku iliyokuwa kwenye magunia mazuri. Walipiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini shamba hupandwa tena msimu ujao, na mtoto hana msimu wa pili. Kelele tulizopiga juu ya mbolea, tupige na juu ya dawa. Tumwulize mwenye duka alikonunua, tumwulize mbunge na mwakilishi wa wadi kwa nini zahanati haina dawa, na tuiulize bodi ni lini mkaguzi wake alipita kijijini kwetu mara ya mwisho.

Ukifika nyumbani leo, fungua ile kabati. Zilizopitwa na wakati zipeleke kwa mfamasia akuelekeze jinsi ya kuzitupa, wala usizirushe shimoni. Zilizobaki, zisome majina na nambari zake mbele ya watoto, nao wajue kwamba katika nyumba hii hata dawa huulizwa kwao ni wapi.

Jumapili njema, na Mungu awajalie afya.